Kata Kushoto Kwenye Msonobari

Zipu ilivutwa taratibu gizani, jino moja moja, kama mtu anayeiba ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ikasimama. Ikaendelea. Mama Chiriku alikuwa macho tangu mtoto alipojigeuza na kumkandamiza ubavuni kwa goti, na zipu ile aliijua: ya begi la buluu, ile inayokwama kwenye kona.

"Usijisumbue kuivuta polepole," alisema. "Nimeshaamka."

Mumewe akashusha pumzi. "Sikutaka kumwamsha mtoto."

"Huyu? Huyu haamki hata paa liondoke."

Mume akacheka puani, lakini hakuliacha begi. "Lori la machimbo linapita leo jioni. Kabla giza halijaingia."

"Si tulisema tuwaone wageni kwanza?"

"Tumewaona. Wamekula, wamelala, kesho wanaondoka. Wageni wawili si kazi, Mama Chiriku."

"Na wakisema wanabaki?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda, kitanda kikalia. "Wakisema wanabaki, waseme wenyewe, kwa midomo yao. Bila wewe kuwabembeleza."

"Sitawabembeleza."

"Wakisema hivyo, sipandi lori."

"Sawa," akasema mkewe, akavuta shuka hadi kidevuni, ingawa hakuwa anasikia baridi.

Machimbo ya mawe yalikuwa mbali, upande wa pili wa milima, na aliyekwenda huko alikwenda kwa msimu mzima. Mara ya mwisho Baba Chiriku alirudi na kikohozi kilichokaa kifuani hadi mvua za pili, na akamkuta mtoto aliyemwacha akitambaa anakimbiza kuku uani. Alisimama getini akimtazama. Jioni ile hakula. Tangu siku hiyo mkewe alikuwa na jambo moja tu kichwani: kutafuta namna mtu huyu abaki nyumbani.

Na namna yenyewe ilikuwa chumba cha kupangisha wageni. Zamani kilikuwa ghala. Walitoa magunia, wakafukuza panya, wakapaka chokaa kuta, wakakata dirisha linalotazama milima. Shuka alizishona mwenyewe, akazipiga pasi hadi zikawa ngumu kama karatasi. Msimu wa kiangazi kijiji kilipitiwa na watu wa mjini waliokuja kutembea milimani, wenye viatu vizito na fimbo mbili mbili, ambao wenyeji waliwaita "wapanda bure" kwa kuwa walipanda mlima mzima na kushuka bila hata kuni mgongoni. Wengi walilala kijiji cha chini, kwenye nyumba zilizozoea wageni. Jana ndipo mwenye duka la kituo cha basi alipopandisha wawili huku juu: nesi mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya wodini, na mdogo wake, mshonaji, mfupi, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi yake mwenyewe. Hao ndio waliokuwa wageni wa kwanza wa chumba kile.

Jana usiku aliwapikia tambi. Mama mkwe ndiye aliyeshikilia.

"Watu wa mjini hawali maharage, mwanangu. Utatuaibisha."

Basi wakala tambi mezani peke yao, chini ya taa, huku familia ikila maharage jikoni kwa minong'ono kama watu waliojificha. Mshonaji aliinua pua. "Hiyo harufu inatoka wapi?" Mama Chiriku akafunga mlango wa jikoni kwa adabu.

Kulipopambazuka aliwasha tanuri la uani, akatoa mkate wa kwanza, akawafungia wageni nusu yake pamoja na mayai ya kuchemsha, chumvi kwenye karatasi, na chupa ya chai. Walitaka kwenda kuona maporomoko ya maji na kurudi kula mchana. Njia yenyewe si ndefu. Alikuwa amekusudia kuwaelekeza taratibu, hatua kwa hatua, ila ndoo zilikuwa tupu na foleni kisimani hurefuka jua likichomoza. Alipotoka na ndoo aliwaacha wageni wakifunga kamba za viatu kizingitini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, fimbo magotini, akiwatazama kwa hamu kama mwalimu aliyepata wanafunzi baada ya miaka mingi.

Aliporudi walikuwa wameshaondoka.

Alifagia chumba chao, akatandika, akakuta nywele moja nyeupe kwenye mto akaitoa kwa vidole viwili. Alifua. Chiriku alimfuata nyuma kila alikokwenda, akiuliza kwa nini nesi hana mume, kwa nini fimbo zao zina mkuki chini, kwa nini mlima hauanguki. Ukungu ulianza kushuka, kwanza juu ya vilele, kisha ukalala mabegani mwa mlima. Baba Chiriku akachukua viatu vyake, akashuka kwa fundi kushonesha soli za safari. Getini alimgusa tu mtoto utosini.

Mchana ulifika bila wageni. Mama Chiriku akakanda unga wa mkate wa jioni, jicho moja kwenye njia.

"Wamechelewa," akasema.

"Wanatazama maji," akajibu mama mkwe, akimenya maharage mabichi mapajani. "Usihangaike. Nimewaelekeza vizuri sana. Wenyewe walinishukuru."

"Umewapitisha wapi, mama?"

"Njia si moja? Wapande hadi kwa mhunzi, wavuke daraja, wafuate ukingo, wakifika kwenye msonobari mkubwa wakate kushoto."

Mikono ya mkwewe ikasimama ndani ya unga. Mhunzi alikufa kabla yeye hajaolewa, na kwake sasa palikuwa zizi la mbuzi. Daraja lilichukuliwa na mafuriko, watu walivuka kwa kurukia mawe. Na msonobari...

"Mama, msonobari si ulianguka?"

"Ulianguka, ndiyo. Upepo ule! Tulipikia kuni zake msimu mzima."

"Sasa watakata kushoto wapi?"

"Si pale kwenye msonobari!" Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Kila mtu anajua ulipo."

Ndivyo walivyokuwa watu wa kijiji kile. Kitu kikishapata mahali, hakikuondoka tena, hata kikiungua, kikibomoka au kikizikwa. Walikutana "dukani" mahali palipoota magugu, waliteremka "kinuni" ambako hapakuwa na kinu wala jiwe lake. Mama Chiriku, aliyetoka kijiji kingine, alitumia muda mrefu kujifunza kwamba ameolewa katika vijiji viwili: cha macho na cha midomo. Na somo la kwanza lilimkuta huko huko juu. Alikuwa bi harusi wa juzi tu, ametumwa kuni, ameambiwa akifika kwenye msonobari akate kushoto. Alitembea, akatembea, hadi akauona msonobari mmoja, mzima, wa kijani, umesimama peke yake mbele sana. Akakata kushoto. Akaishia kwenye korongo la mawe ya kijivu ambamo hata sauti haitoki. Walimcheka mpaka alipozaa, ndipo wakapata la kusema lingine.

Akajifuta mikono.

"Mama, kinyunya kikiumuka kibonyeze. Nakwenda kuwachukua."

"Utawajuaje walipo, na ukungu huu?"

"Najua."

"Na mimi!" Chiriku alishaanza kutafuta viatu.

"Wewe baki umsaidie bibi kumenya. Ukila mabichi tumbo litakuuma, sipo."

Alipanda kwa kasi, kitenge amekifunga kiunoni. Ukungu ulimlowesha nyusi. Hakuogopa kuhusu wageni wenyewe, korongo lile halina hatari zaidi ya kuchosha na kukatisha tamaa. Aliogopa nyuso zao. Mtu aliyepotezwa nusu siku na wenyeji wake halali tena kwa wenyeji hao. Atachukua mzigo wake ashuke kituoni, na lori litapita, na jioni hii kitanda kitakuwa kipana. Njiani alijaribu maneno kadhaa ya kuomba radhi. Yote yakasikika kama kubembeleza. Akayaacha, akachapa mguu.

Akawapita mbuzi wa zizini, akaruka mawe ya mto, akafuata ukingo, akalipita shimo la msonobari bila kulitazama, hadi ule mti wa kijani uliosimama peke yake. Kushoto. Akasikia ugomvi kabla hajaona mtu.

"Nilikwambia si huu."

"Msonobari ni msonobari. Hakusema wa kabila gani."

"Alisema mkubwa."

"Na ule mdogo? Ulitaka uwe ghorofa?"

Nesi alikuwa amekaa juu ya jiwe bapa, kiatu kimoja amekivua, kisigino kimefungwa bandeji safi ya kitaalamu. Mshonaji alikuwa akikamua tone la mwisho la chai.

"Mama Chiriku!" akapiga kelele mshonaji. "Afadhali. Tulikuwa tunaamua nani amle mwenzake kwanza, na dada amekonda mno."

"Poleni. Poleni sana, jamani."

Nesi hakucheka. "Tumemkuta mzee na mbuzi wake. Tukamwuliza, kwa mhunzi ni wapi? Akasema, mmesimama mlangoni pake. Tulikuwa tumesimama kwenye mavi ya mbuzi. Nikamwuliza, na mhunzi mwenyewe? Akanyoosha mkono makaburini."

Mdogo wake akaziba mdomo, mabega yakitikisika.

"Wewe cheka. Kisigino si chako." Nesi akakigusa kiatu kwa ncha ya kidole. "Mimi nimechoka, binti. Nafikiri tukifika tufungashe tu, jioni hii hii tushuke tukalale karibu na kituo."

Basi. Yalikuwa maneno yale yale aliyoyatarajia. Ulimi wa Mama Chiriku ukajaa: kaeni, nawasihi, kesho nitawapikia, kesho nitawapeleka mwenyewe, mume wangu anaondoka. Akayameza yote. Akaketi chini kwenye changarawe, karibu na ule mguu uliofungwa bandeji, kwa sababu hakujua afanye nini lingine.

"Mimi nililia hapa," akasema.

Nesi akageuka.

"Kwenye jiwe hilo hilo. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, nina kitenge kipya, hina haijatoka mikononi. Wakaniambia nikate kushoto kwenye msonobari. Nikakata kwenye huu huu mliokatia nyinyi. Nililia si kwa kupotea. Nililia nikifikiri, hawa watu watanicheka."

"Wakakucheka?"

"Hoo! Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akinikuta jikoni ananiuliza, mwanangu, chumvi unaijua iliko au tukupe mtu wa kukusindikiza?"

Mshonaji akapasuka. Kicheko chake kiligonga mawe, kikarudi, kikamkuta bado anacheka. Nesi alijizuia, midomo ameibana kama anashikilia sindano kwa meno, mwisho ikamshinda naye akacheka, kicheko kizito cha mtu ambaye hakupanga.

"Sasa huo mti wao," akasema akijifuta macho, "ulikuwepo kweli?"

"Ulikuwepo. Mimi sikuuona. Ulianguka kabla sijaja."

"Na bado unajua ulipo."

"Najua hata kivuli chake kilikaa upande gani. Mama anasema asubuhi watu walipumzika upande wa mto, jioni upande wa njia. Mpaka leo ukipita na mzigo jioni, unautua upande wa njia. Hakuna kivuli, lakini ndipo watu wanapotua."

Nesi akakishika kiatu, akaingiza mguu kwa uangalifu, uso umekunjamana. "Nipeleke nikauone," akasema.

Wakarudi polepole, nesi amemshika bega Mama Chiriku, mshonaji nyuma amebeba fimbo zote, na njiani Mama Chiriku akawasimulia habari za kinu ambacho nacho hakipo. Pale ukingoni palikuwa na bonde dogo la duara, lililojaa nyasi laini, mahali mizizi ilipong'oka. Mtu asiyejua angelipita akidhani ng'ombe walilala hapo. Nesi akashuka ndani, nyasi zikamfika magotini. Akatazama juu, mahali ambapo matawi yangekuwa. Akakaa hivyo, shingo ameilaza nyuma, ukungu ukimpita usoni. Kushoto, chini ya miti, maji yalisikika yakianguka.

Walifika kwenye maporomoko wakaloweka miguu. Walishuka nyumbani jua limeshaanza kulegea, na njia nzima nesi hakutaja tena kufungasha, wala hakutaja kutofungasha. Mama Chiriku alitembea mbele akisikiliza kila neno nyuma yake. Waliongea juu ya binamu yao fulani mwenye meno ya bandia.

Baba Chiriku alikuwa uani, amevaa shati safi. Viatu vyake vilikuwa vimeshonwa, soli zinang'aa kwa gundi mpya. Aliwasalimia wageni kwa heshima, akawapa pole ya njia, akamtazama mkewe. Macho yake yaliuliza. Mkewe akainua bega kidogo. Naye akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa barazani, chini ya dirisha la jikoni, akaanza kufunga kamba za viatu bila haraka.

Jikoni hapakuwa na tambi. Hapakuwa na kitu cha wageni hata kidogo. Kinyunya kilikuwa kimeumuka mpaka kikamwagika karaini, mama mkwe akakitumbukiza tanurini hivyo hivyo, na mkate ulitoka umepinda upande mmoja kama kofia ya mlevi. Kwenye sufuria kulikuwa na maharage mabichi na boga.

"Mezani hamna kitu," Mama Chiriku akasema, uso ukimwaka. "Nipeni muda kidogo tu, nitachemsha..."

"Hiyo ndiyo harufu ya jana!" Mshonaji alikuwa ameshavuta kigoda. "Dada, kaa. Kaa kabla hawajatufukuza."

Wakala jikoni, sahani magotini, wakimega mkate kwa mikono na kuchovya. Nesi alikula kimya kimya, kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi. Mshonaji akasema maharage ni matamu lakini kusema kweli zile tambi nazo alizipenda, na mama mkwe akamwona tangu hapo kuwa mtu mwenye akili. Chiriku alipanda kwenye benchi la dirishani na sahani yake, mdomo umejaa, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuuliza kitu.

Mama mkwe alingoja mpaka wageni washibe. Kisha akaegemea fimbo yake.

"Haya, wanangu. Msonobari mliuona?"

Mama Chiriku akashika mwiko kwa nguvu. Mshonaji akatazama sahani yake.

"Tuliuona, mama," akasema nesi. "Mkubwa kweli."

Mama mkwe akamgeukia mkwewe, uso wote umechanua. "Si nilikwambia?"

Nje, mbali, chini kwenye barabara, lori lilipiga honi. Moja ndefu, ya kuita watu. Mama Chiriku aliisikia miguuni kabla ya masikioni. Barazani kiatu kikasugua sakafu.

"Kesho kuna nini?" Mshonaji alimwuliza dada yake. "Tunashuka na basi la asubuhi au la mchana?"

Nesi alifuta sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate, akakila, akakimeza. "Wewe shuka ukitaka. Mimi kisigino hiki hakiendi popote." Akamwangalia Mama Chiriku. "Kinu mlisema kiko wapi? Na hilo daraja? Binti, mimi nataka unitembeze. Kote. Kwenye vitu vyote ambavyo havipo. Nitakaa mpaka nivimalize, kama chumba hakina mtu mwingine."

"Hakina," akasema Mama Chiriku.

"Halafu kikundi chetu cha matembezi kitakuja, hao wana miguu mibovu kuliko mimi, na lazima mtu awaongoze, la sivyo watazikwa na mhunzi."

Honi ikalia tena, fupi, ya mtu aliyechoka kungoja. Mama Chiriku alibaki amesimama na mwiko mkononi. Alitaka kuuliza kwa sauti kama maneno hayo yamefika barazani. Alitaka kwenda dirishani. Hakwenda. Alimpakulia mama mkwe boga, ingawa mama mkwe alikuwa amekataa, kisha akampakulia tena.

Lori likanguruma. Likabadilisha gia kwenye mwinuko, likapinda kona ya kwanza, likapinda ya pili, sauti yake ikapungua mpaka ikafanana na nyuki, mpaka ikafanana na kimya. Hakuna aliyekuwa barazani. Hilo alilijua bila kutazama, kwa namna upepo ulivyoingia mlangoni bila kuzuiwa na mtu.

Akauweka mwiko chini. Akaanza kukusanya sahani moja juu ya nyingine, taratibu, akiziangalia kama vitu vya mtu mwingine.

Uani kitu kikagonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena, kavu, na kitu kingine kikaanguka chini vipande viwili.

Chiriku akabandika paji la uso kwenye kioo, akameza alichokuwa akitafuna.

"Baba anapasua kuni," akasema.